Njia za miguu na baiskeli zimekatika vipande: tuanze kuunganisha au kukarabati?

Mpangaji_mtaa:
Wakuu, mji una vipande sita vya njia za miguu na baiskeli, upana mita 2. Vitatu vinakatwa na barabara za magari. Penye changarawe, mvua ikinyesha ni tope, na maji yamechimba mifereji katikati. Fedha ni chache. Kipi kitangulie?

Vivuko_kwanza:
Vivuko. Njia nzuri ya kilomita 2 inayoishia ukingoni mwa barabara kuu haimfikishi mtu popote; mwenye mtoto atageuzia hapohapo. Kwenye barabara nyembamba jengeni tuta pana, kivuko kiwe juu yake, usawa mmoja na njia. Barabara ikiwa pana, wekeni kisiwa katikati, na kisipungue mita 2 kwa upande wa kuvukia. Baiskeli ina karibu mita 1.8, kwa hiyo kisiwa cha mita 1 kinaacha gurudumu la nyuma mbele ya magari.

Fundi_changarawe:
Sawa, ila maji nayo yasisubiri. Kumwaga changarawe mpya juu ya tope ni kutupa fedha, udongo wa mfinyanzi utaimeza yote. Chimbua udongo laini, tandaza jiotekstaili (kitambaa kinachotenganisha udongo na kokoto), kisha sm 15 za kokoto za kuvunjwa, kubwa kwa ndogo pamoja na vumbi lake. Vumbi ndilo linaloshikanisha. Kokoto za mtoni ni za mviringo, hata ukizishindilia zitaendelea kuserereka chini ya tairi.

Mwaga kwa tabaka mbili. Nyunyizia maji: ukifumbata konzi moja ishikane, isidondoshe maji. Kavu haishindiliki, iliyolowa inabonyea.

Mifereji ya katikati inatokana na kingo kuinuka, basi maji yanakosa pa kutokea na kufuata njia. Kwangua kingo hizo, kisha laza uso wa njia upande mmoja kwa asilimia 2, yaani sm 4 kwa upana wenu wa mita 2. Pima kwa kamba na pimamaji, jicho hudanganya. Ukizidisha, viti vya magurudumu vinavutwa pembeni. Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro. Kalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya njia, zisiwe nyembamba, majani huziziba.

Mpangaji_mtaa:
Asanteni sana. Na magari yanayoingia njiani? Tulifikiria nguzo mbili kila mlango.

Vivuko_kwanza:
Mbili hapana. Zinaacha pengo moja katikati, na wanaotoka pande zote mbili wanaligombania. Iwe moja. Lakini kwenye mita 2, nguzo ya katikati inabakiza chini ya mita 1 kila upande, baiskeli ya mizigo inakwama. Panueni mlango hadi mita 3 kwanza, na nguzo ipakwe rangi inayoakisi mwanga. Pikipiki haitazuilika kwa nguzo: panapopita kiti cha magurudumu, nayo inapita. Hiyo inataka usimamizi.

Fundi_changarawe:
Na pale magari yasipoingia, msiweke nguzo kabisa. Usiku ni hatari kwa mwendesha baiskeli.