Sanamu za vitu chakavu: gundi inaachia, sangara anaanguka. Nifanyeje?

MwalimuSanaa
Wakuu, habari za leo. Nina kidato cha pili, wanafunzi 40, vipindi sita vya dakika 80. Mada ni sanamu za vitu vilivyotupwa. Malighafi ipo tele: nyavu na maboya kutoka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, madumu, vizibo vya soda, makopo, spoku za baiskeli. Shida ni mbili. Kinachogundishwa kinaachia ndani ya wiki, hasa madumu na maboya. Halafu sangara wa sentimita 80 akiwekwa juu ya nguzo anaangukia kichwa. Plaizi ni nne tu, na kuchomelea haiwezekani. Naombeni mwongozo.

FundiWaya
Mwalimu, achana na gundi. Dumu na boya gumu vina uso unaoteleza. Gundi inakauka juu juu, ukipinda kidogo inabanduka ganda zima. Yale maboya meupe mepesi ndiyo mabaya zaidi, maana gundi nyingi kali huyatafuna yakabaki mashimo.

Shoneni. Tobo liwe sentimita 1 kutoka ukingoni, likikaribia zaidi plastiki inachanika. Pitisheni waya wa kufungia nondo, mshike ncha zote mbili kwa plaizi, MVUTE KWANZA ndipo msokote. Mwanafunzi akisokota bila kuvuta, waya unajiviringa wenyewe na kiungo kinabaki kinacheza. Mizunguko mitatu au minne inatosha. Akiendelea kukaza, waya unakatikia shingoni na kazi inaanza upya.

Mifupa itangulie ngozi. Nondo ya milimita 6 ndiyo uti wa mgongo, mbavu sita za waya mnene, kubwa nyuma tu ya kichwa, zikipungua kuelekea mkiani. Spoku msizifanye mbavu, chuma chake ni kikaidi, ukikipinda kinarudi. Mahali pake ni pezi la mgongoni, kwa sababu sangara ana miiba pale.

Tena wapelekeni mwaloni wakamtazame samaki mwenyewe kabla ya kushika waya. Wengi watachora mkia wa panda. Huo ni wa dagaa. Wa sangara umeviringa.

Mama_Vizibo
Naongezea magamba. Kwa samaki huyo, pande zote mbili, andaeni vizibo kama 500 mkivilaza nusu juu ya nusu. Kiponde kwa nyundo juu ya gogo, toboa matundu mawili upande mmoja kwa msumari wa inchi 2. Piga kutoka upande wa rangi, ili meno ya tobo yabaki ndani yasikwaruze mikono ya watu.

Anzieni MKIANI kwenda kichwani, kama anayeezeka nyumba kutoka chini kwenda kileleni: kila mstari unafunika waya wa mstari uliotangulia. Wakianzia kichwani, waya zote zitaonekana, na hakuna dawa zaidi ya kufumua.

Kazi hii haihitaji plaizi. Makundi manne yaponde na kutoboa, manne yafunge mifupa, katikati ya kipindi wabadilishane.

Na msipake rangi juu ya vizibo, nawasihi. Msanii El Anatsui wa Ghana ameunganisha maelfu ya vizibo kwa waya wa shaba, na rangi zake ni zile zile za kiwandani. Mtazamaji lazima atambue kwamba gamba lilikuwa kizibo.

MwalimuSanaa
Asanteni sana. Na kuanguka je? Nyavu nazo zinanuka vibaya.

FundiWaya
Mfunge samaki kamba moja mgongoni, mwinue. Sogeza fundo mbele au nyuma mpaka alale sawa. Nguzo iingie hapo hapo, hata kama macho yanasema katikati ni kwingine. Kichwa cha dumu na makopo huvuta uzito mbele. Tumia nondo mbili za milimita 10, kwa sababu juu ya moja atazunguka. Zisimamishe ndani ya kopo la rangi la lita 4, jaza saruji 1 kwa mchanga 3, mwagilia siku tatu. Unapata kitako cha karibu kilo 8.

Nyavu zilowekwe usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga, zisuuzwe, zianikwe juani. Nyavu zimeshika mafuta ya samaki, maji matupu hayayatoi.

Mama_Vizibo
Kingo za makopo zikunjwe milimita 5 kwa plaizi kabla hazijapita mkononi mwa mtoto mwingine. Betri, mirija ya taa na makopo ya dawa za kuulia wadudu wa mimea yasiingie darasani kabisa, hata yakiwa matupu.

Kipindi cha kwanza wape zoezi la vitu viwili tu, visivyokatwa. Mwaka 1942 msanii Picasso alitoa kichwa cha fahali kwenye tandiko na usukani wa baiskeli, basi. Ukiwapa rundo zima siku ya kwanza watarundika.