Tupeane uzoefu: wenye PCOS (homoni kuvurugika, mayai yasitoke kila mwezi), mlijuaje na mnaishi nayo vipi?

Dada wa Chikongola

Wapendwa, nina miaka 31, niko Mtwara mjini. Tangu nivunje ungo siku zangu hazijawahi kutulia. Zinapotea miezi minne, zikirudi ni damu ya wiki mbili. Somo yangu aliniambia nikiolewa zitakaa sawa. Nikaolewa, hazikukaa. Mwaka wa tatu bila mtoto, mawifi wakaanza: ana mchango, ana jini mahaba. Hela ya korosho ya msimu mzima iliishia kwenye mizizi na kombe.

Kilichonitesa zaidi ni shingo. Kwa nyuma iliota weusi mzito, kama kola isiyofuliwa. Nilikuwa naisugua kwa dodoki na limau mpaka inachubuka, kisha naizungushia mtandio ndipo niende shughulini. Mume wangu mwenyewe alidhani sijisugui vizuri. Mwaka 2021 nilimpata daktari wa kike, na kabla sijamaliza kueleza akasema, "Hebu geuka nione shingo." Akaigusa kwa kidole, akauliza kama kwetu kuna mwenye sukari. Mama anayo. Nililia pale pale kitini, maana ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia ule si uchafu.

Alinieleza hivi: insulini yangu, ile homoni ya kusawazisha sukari mwilini, haifanyi kazi inavyotakiwa, kwa hiyo mwili unaitengeneza nyingi kupita kiasi. Ile nyingi ndiyo inaleta weusi wa shingo, tena inazichochea ovari zitoe homoni za kiume kwa wingi, na mayai yanaanza kukua halafu yanakwama njiani. Vile vidoadoa vya altrasaundi ambavyo mwenzangu mmoja aliambiwa ni vimbe za kukatwa, kumbe ni vifuko vidogo vya mayai yaliyokwama. Nikamuuliza, basi mimi mgumba? Akasema mayai ninayo, ila hayatoki kila mwezi, na kuna dawa za kuyatoa.

Nilitoka kilo 88 nikafika 81 kwa miezi saba. Chai bila sukari, vitumbua nikaviacha kwa watoto wa jirani, ugali wa muhogo nikaupunguza nusu na kujazia kisamvu, kunde na samaki. Jioni natembea ufukweni Shangani. Siku zangu zikarudi, nikawa nazizungushia duara kwenye kalenda ya ushirika ukutani: siku 34, siku 36, siku 33. Sasa nina mtoto wa mwaka mmoja. Leteni na yenu.

Binti Mikindani

Dada, mimi nina kilo 52, mwembamba kabisa, na ninayo. Nilikokwenda mwanzo waliniambia haiwezekani, hii ni ya wanene. Wakati huo huo naamka kabla ya adhana nikanyoe kidevu kwa wembe mume asijue. Miaka miwili ilipotea hivyo. Wembamba wenzangu, msikubali kurudishwa nyumbani.

Nesi mstaafu, Nachingwea

Wanangu, nimewasoma kwa uchungu. Tangu mwaka 2003 madaktari wana kigezo: mambo mawili kati ya matatu. Mayai kutotoka kwa mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari kuonekana na vifuko vingi. Mwenye hedhi ya miezi mitatu mitatu na ndevu, altrasaundi ikiwa safi bado anaweza kuwa nayo. Ila kwanza wapime tezi ya shingo na homoni ya maziwa, maana nazo zikivurugika zinaharibu mzunguko.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wanayo, na wengi wao hawajui.

Nililoona wodini likiniumiza ni binti anayefurahi kukaa miezi sita bila kuona damu. Ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa bila kutoka, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya ukuta huo wa kizazi inapanda. Ikipita miezi mitatu, nenda ukapewe dawa ya kuleta hedhi, hata kama mtoto huhitaji sasa.

Mama Nasra, Lindi

Shikamoo mama nesi. Mimi nilipewa letrozoli, vidonge vya kuyatoa mayai, siku ya tatu ya hedhi hadi ya saba, na altrasaundi ya kufuatilia yai. Ni dawa iliyoanzia kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, nikaiogopa, lakini daktari alisema siku hizi ndiyo wanayoanza nayo kwa wenye PCOS. Mzunguko wa kwanza hola, wa pili hola. Daktari akasimama: "Mzee amepimwa?" Hakuwa amepimwa, hataki hata kusikia. Tuligombana wiki nzima. Alipokubali, mbegu zilionekana chache. Akatibiwa, na mzunguko wa tano ndio Nasra. Tungeanza wote wawili pamoja tusingepoteza ile miezi. Na hizo vidonge msinunue dukani kwa kuelekezana, zinahitaji mtu wa kukuangalia.

Baba wa Kilwa

Mimi ni mume. Nilimwacha mke wangu aende peke yake kliniki mara nne. Najuta. Wanaume wenzangu, nendeni mkapime, ni chupa tu na dakika chache.

Mwanamasasi

Mimi bado, dada zangu. Mwaka wa sita. Nimepungua, nimemeza klomifeni, nayo ni dawa ya kuyatoa mayai, mizunguko mitatu, mimba moja ikatoka ya wiki saba. Mama mkwe anasema nimemfunga mwanawe. Nimesoma hapa nikaona angalau siko peke yangu na shingo hii. Jumatatu naanza metformini, ile dawa ya sukari inayosaidia insulini ifanye kazi. Dada wa Chikongola, kama uliitumia, ilikusumbua tumbo?

Dada wa Chikongola

Pole mdogo wangu, na pole kwa hiyo mimba. Niliitumia. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa sitoki chooni. Mwambie daktari akuanzishie dozi ndogo, na uimeze katikati ya chakula, usimeze tumbo tupu. Wiki ya tatu lilitulia. Jumatatu ukishatoka, niandikie hapa walichokuambia.