Tupeane uzoefu: ulienda ziwani kuona nini, ukakuta nini?

Mtoto wa Bondeni
Naanza mimi. Mwezi uliopita nilipokea wageni kutoka Mombasa, nikawapeleka hifadhi ya Ziwa Nakuru. Njia nzima nawasifia flamingo, jinsi tulivyokuwa wadogo ufuo wote ukiwa waridi. Kufika, flamingo ni wa kuhesabu kwa vidole! Tangu 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda, likameza hadi lango kuu la zamani. Migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama majini, mikavu, minandi wamejipanga juu yake. Maji yakizidi magadi yanazimuliwa, na ule mwani ambao ndio ugali wa flamingo unapungua, basi wanahamia Ziwa Bogoria.

Mgeni akaniuliza, "Shemeji, hao waridi wako wapi?" Nikaangalia kando. Bahati yangu, kifaru mweupe akatoka kichakani akaja kula nyasi karibu na gari. Tope lilikuwa limemkaukia mgongoni, limepasuka kama sakafu ya udongo. Tulizima injini tukawa tunasikia midomo ikikata majani, krap, krap. Flamingo hawakuulizwa tena.

Nyar Nam
Mimi Dunga, hapa Kisumu. Nilifuata ndege wa kwenye mafunjo, nikaona kiboko. Kuona ni kusema tu: mzee wa mashua aliinua kasia, akanong'ona, "Nyamazeni," mara pshaaa! kama breki za lori, hatua chache mbele yetu. Tukarudi nyuma polepole, kumbe upepo umegeuka na gugumaji limefunga njia. Saa mbili tumekaa hapo. Mzee alikuwa anatafuna miwa.

Wa Kitale
Hifadhi ya Saiwa ni ndogo, kama kilomita 3 za mraba tu, na gari haliingii. Unatembea juu ya vibao. Ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame. Akishtuka anajizamisha, anabakisha pua. Nilikaa mnarani tangu alfajiri. Nikaona masikio mawili.

Mtoto wa Bondeni
Ulilipa kiingilio uone masikio?

Wa Kitale
Ya nzohe, ndugu yangu. Si ya mbuzi.

Mama Pima
Nami nilimtafuta huyo nzohe Ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala. Sikuona hata sikio. Ila mvuvi aliniuzia samaki, ngege wa asili, wale waliokaribia kwisha ziwa kubwa la Victoria baada ya mbuta, yaani sangara, kuingizwa miaka ya 1950. Kanyaboli mafunjo yanaitenga na ziwa kubwa, mbuta hajafika, ndiyo maana wamebaki. Nikampelekea mama mkwe bila kumwambia wametoka wapi. Akaonja mchuzi, akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Hii umeitoa wapi, mwanangu?" Kichwa alikula mwenyewe, hakumwachia mtu.

Nyar Nam
Mama, huyo mvuvi hukaa upande gani?