Betri za lori la volti 24: za maji, kavu au AGM?

Tela Refu (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu kabla sijatoa hela.

Lori langu ni la volti 24, lina betri mbili za volti 12, kila moja Ah 180 (Ah ni ampia kwa saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba), zimefungwa mfululizo pembeni ya chesisi. Nilizinunua mpya na ni miezi 17 tu imepita. Wiki hii mara tatu nimeamka, nazungusha ufunguo, stata inaguna kidogo halafu inabaki kugonga tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia. Nikibustiwa linawaka papo hapo na linapiga kazi siku nzima. Kesho yake asubuhi yale yale.

Fundi aliyepima anasema moja imekufa, nyingine nzima, kwa hiyo ninunue moja. Mimi nafikiria kubadilisha aina kabisa: nirudie hizi za maji, nihamie betri kavu (zilizozibwa, zisizoongezwa maji), au nijikaze ninunue AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka) ambazo ni ghali zaidi? Nani ametumia ipi kwenye lori zito, na ilidumu muda gani?

Mzee wa Breki

Mwanangu, mimi ni mtu wa betri za maji tangu nianze kushika usukani. Zangu zinafika miaka 4, seti moja ilinivusha wa 5. Hakuna siri. Kila baada ya wiki mbili nafungua vifuniko, naangalia maji yamefunika pleti kwa milimita 10 hadi 15. Yakipungua naongeza maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi. Siyo maji ya bomba, na kamwe siyo asidi! Kinachopotea humo ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya iwe kali zaidi na inakula pleti.

Halafu haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri. Hicho ndicho kitu ambacho betri kavu haikupi. Unavuta maji ya kila seli, zote sita: ikisoma karibu 1.27 imejaa, ikishuka 1.15 ina njaa kali. Ukikuta seli tano ziko sawa na moja iko chini peke yake, hapo ugonjwa umeshajionyesha na huna haja ya kubahatisha. Vaa miwani na glavu lakini. Na usisogeze moto pale, hewa inayotoka ni haidrojeni.

Mama Malori

Mzee, shikamoo. Unasema kweli kwa dereva mwenye lori moja analolijua kama mtoto wake. Mimi nina malori manne na madereva wanabadilishana. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia ameangalia maji. Matokeo yake nilikuwa nafungua betri nakuta pleti zimekauka juu, zimebadilika rangi. Nilihamia betri kavu na usumbufu huo umekwisha. Pleti zake zina madini ya kalsiamu, hazichemshi maji kirahisi kama zile za zamani.

Sharti lake ni alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, iwe na afya. Ikichaji kupita kiasi, betri ya maji utaiongezea maji, lakini kavu ikikauka ndiyo basi.

Kaka Tela Refu, hilo la kununua moja likatae. Betri mpya ukiifunga mfululizo na kuukuu, umeme uleule unapita zote mbili. Kuukuu inakataa kujaa au inajaa upesi kupita mwenzake, na ile mpya inazeeka kabla ya wakati. Nunua mbili, aina moja, Ah moja, na tarehe za kutengenezwa zikaribiane. Tarehe imegongwa kwenye boksi au juu ya kifuniko, mwambie muuzaji akusomee.

Fundi Waya

Wakuu, tunachagua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Tela Refu, fanya hivi leo usiku. Zima kila kitu, acha lori lilale. Asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, chukua multimita upime kila betri peke yake, siyo zote kwa pamoja. Ukipima pamoja ukakuta 24.2 utadhani kila moja ina 12.1, kumbe moja ina 12.6 na nyingine 11.6.

Betri ya risasi na asidi iliyopumzika ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo. Ukikuta moja imekwama karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, maana kila seli ni volti 2 na kidogo.

Kisha niambie: kuna kitu chochote cha volti 12 umekichomeka kwenye betri moja? Redio, chaja, friji?

Mlala Kebini

Wakati tunasubiri vipimo, nisemee AGM. Nimezitumia mwaka wa 3 sasa na sirudi nyuma.

Kazi yangu ni ya kulala barabarani. Nina kiyoyozi cha kuegesha kinachokula wastani wa ampia 15. Saa 5 tu za usiku ni Ah 75, zaidi ya asilimia 40 ya betri zangu, kila usiku. Betri ya kawaida ya stata haikuumbwa kwa kazi hiyo. Pleti zake ni nyembamba ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu irudishiwe. Ukiikamua hadi nusu kila siku inakufa mapema; zile mbili za kwanza niliziua ndani ya miezi 9.

AGM asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobana katikati ya pleti. Haimwagiki, na mtikisiko wa barabara mbovu hauangushi unga wa pleti chini kirahisi. Inavumilia kukamuliwa na inapokea chaji haraka. Adui yake ni joto na kuchajiwa kupita kiasi. Zangu nimezihamisha upande wa pili wa chesisi, mbali na ekzosi.

Tela Refu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimepima alfajiri. Betri ya upande wa moto (chanya) 12.55. Betri ya upande wa arthi (hasi, inayoungwa na chesisi) 11.70.

Na Fundi Waya, umenigusa. Friji ndogo, feni na redio vyote ni vya volti 12, na aliyenifungia alivuta waya kutoka betri ya upande wa arthi. Friji inawaka usiku kucha nikilala humo, usiku nne kwa wiki. Kwani ndiyo shida?

Fundi Waya

Ndiyo, na ni shida ninayoiona gereji kuliko nyingine yoyote.

Tazama kinachotokea. Friji, feni na redio tuseme vinakula wastani wa ampia 3. Saa 10 za usiku ni Ah 30, na zote zimetoka betri moja. Mwenzake hakutoa chochote. Asubuhi unawasha, alternata inatoa volti 28 na kidogo kwa betri zote mbili kwa pamoja. Yenyewe haijui kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba, inaona jumla tu. Iliyoshiba volti zake zinapanda haraka, 15 na zaidi, inaanza kuchemka na kupoteza maji. Yenye njaa inaambulia 13 na pointi, haijai hata ukitembea siku nzima. Usiku unaikamua tena.

Betri ikikaa siku nyingi chini ya 12.4, salfeti ya risasi inayojijenga kwenye pleti inaganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Hivyo ndivyo ya upande wa arthi ilivyokufa. Na hiyo "nzima", fungua vifuniko uangalie maji. Nadhani utakuta yameshuka.

Ukifunga AGM za bei mbaya ukaacha waya huo ulipo, utazika AGM.

Tela Refu

Nimefungua. Ya upande wa moto maji yako chini ya ncha za pleti kwenye seli nne kati ya sita, na yaliyobaki yana rangi ya kahawia kama chai. Ile niliyoambiwa nzima ndiyo hiyo.

Mzee wa Breki

Rangi hiyo ni unga wa pleti umekatika. Hata ukiijaza maji leo, haikai.

Niongeze jambo moja kabla hujanunua chochote. Mimi niliwahi kubadilisha betri mbili nzima kabisa, kumbe kosa ni waya wa arthi uliooza ndani ya ganda lake. Nje ulikuwa mweusi unang'aa, ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi chenyewe cha betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mtu azungushe stata. Ikivuka nusu volti, nguvu inapotelea kwenye waya. Vichwa vyenye ukungu mweupe osha kwa magadi soda na maji, kausha, paka grisi. Na vyuma vya kushikilia betri vikazwe. Betri inayorukaruka haimalizi mwaka.

Kijana wa Spana

Samahani wakuu, vipi lithiamu? Nasikia nyepesi na inadumu. Na hizi namba za CCA, nitafute kubwa kuliko zote?

Fundi Waya

Lithiamu ya fosfeti ni nzuri kama betri ya pili ya vitu vya kebini, ikiwa na chaja yake. Kuiweka badala ya betri za stata moja kwa moja kwenye alternata sikushauri: haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na kidhibiti chake kikikata ghafla unaweza kuunguza alternata.

CCA ni ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Fikia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, inatosha. Ndani ya boksi la ukubwa uleule, CCA kubwa zaidi mara nyingi imepatikana kwa kuweka pleti nyingi nyembamba, na kwenye joto hizo zinachoka mapema. Joto ndilo muuaji: betri ikizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri karibu nusu.

Mama Malori, nyongeza ndogo kwa madereva wako: lile jicho la kijani kwenye betri kavu linaangalia seli moja tu. Likiwa kijani, seli nyingine tano hujaambiwa kitu.

Mama Malori

Hilo sikulijua. Kesho napima zote kwa mita.

Tela Refu

Wakuu, narudi na majibu.

Waya wa arthi umesoma 0.2, mzima. Alternata 28.3 injini ikiwa imechangamka. Waya wa friji nimeung'oa, nimefunga konvata ya kushusha 24 kuwa 12, ina fyuzi na inajikata yenyewe betri zikishuka. Sasa mzigo unabebwa na betri zote mbili sawasawa. Nimepiga hesabu: zile Ah 30 za volti 12 zinakuwa kama Ah 16 kwa seti nzima pamoja na kinachopotea kwenye konvata. Kati ya 180, haifiki sehemu ya kumi. Mlala Kebini, kwa kiyoyozi chako AGM ni haki yake, lakini mimi kwa kamzigo haka sina sababu. Na lori naliendesha mwenyewe, maji nitaangalia. Nimenunua za maji, mbili.

Dukani nilipima kabla ya kulipa. Moja ilisoma 12.3, nikaikataa, mwenye duka akaniletea nyingine. Nilizoondoka nazo ni 12.66 na 12.68, tarehe zimepishana wiki moja. Zile kuukuu nimemwachia zikayeyushwe risasi, sikumwaga asidi popote.

Leo ni baada ya usiku wa nne na friji ikiwaka: 12.58 na 12.57.

Fundi Waya

Zinakwenda pamoja, hapo sawa. Pima tena mwezi ujao asubuhi kabla ya kuwasha. Tofauti ikifika 0.2 usisubiri, rudi hapa utuambie.