Kitulo Julai na watoto: twende au tusubiri maua?

MamaTunu: Wakuu, habari zenu. Likizo yangu imeangukia Julai na nataka kuwapeleka watoto Kitulo, ile hifadhi ya maua kule Nyanda za Juu Kusini wanayoiita Bustani ya Mungu. Mkubwa ana miaka 12, mdogo 8, wote wa Dar, baridi wanaisikia tu. Hofu yangu ni kufika tukakuta nyasi tupu. Usafiri nao ukoje? Hatuna gari.

Mwana_Makete: Dada, karibu kwetu. Ukweli ni kwamba Julai hayo maua huyapati. Yanaanza Novemba mvua zikishika, yanakolea Desemba hadi Machi, na Aprili bado yapo. Okidi peke yake ni zaidi ya aina 40, na mbayuwayu wa buluu huja kuzaliana msimu huohuo. Julai nyasi zimekauka na alfajiri kuna sakitu. Ule uwanda uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Beba makoti mazito, kofia na glavu.

Mtembezi: Mimi nasema nendeni hiyohiyo Julai. Kitulo raha yake ni miguu, maana hakuna simba wala tembo wa kuwafungia watoto ndani ya gari. Kiangazi njia ni kavu. Masika ukungu unaweza kukufunika mchana kutwa. Ila ile njia ya kukatiza milima ya Livingstone kuteremkia Matema, ziwani Nyasa, mwacheni kwanza huyo wa miaka 8 akue.

MamaTunu: Mmenipa moyo, tunaenda. Na usafiri?

Mwana_Makete: Pandeni basi la Mbeya, mshuke Chimala, hapo mtafute gari la Matamba. Mlima ule una kona 57, anayechefukwa akae mbele. Mvua zikinyesha barabara inateleza vibaya, kwa hiyo Julai mna nafuu. Ofisi ya hifadhi iko Matamba, chukueni mwongozo pale.

Siku mkirudi kwa ajili ya maua, waambie watoto wasing'oe hata moja. Viazi vya okidi ndivyo vinavyopikwa chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na vimechimbwa mno kupelekwa huko. Hifadhi ilitangazwa 2005, lakini wachimbaji hawajaisha, na sisi wenyeji inatuuma.

MamaTunu: Nitawaambia, kaka. Tunalala wapi?

Mwana_Makete: Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida. Ulizia maji ya moto kabla hujalipia chumba.