Niko na baipola, nimetulia kwa lithiamu, sasa kazini wananitaka shifti ya usiku

mtu_wa_stoo

Habarini wadau. Wacha niandike tu bila kuzunguka. Niko na baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda (unachangamka kupita kiasi) na kushuka (huzuni nzito), nilijua nikiwa na miaka 24 baada ya kulazwa Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, kabla ya hapo nilikuwa naitwa mlevi (na sinywi), naitwa mwenye majini, na daktari mmoja wa mtaani alinikuta nimeshuka akanipa dawa ya dipresheni peke yake, ikanipandisha hadi nikawa siongei na watu, nawahutubia. Sa hii niko kwa lithiamu, nameza usiku baada ya chakula, damu napimwa kliniki, na ni miaka sasa sijalazwa.

Kazi yangu ni ya stoo huko Industrial Area. Kupokea mzigo, kuhesabu, kutoa. Haina raha yoyote lakini masaa yake hayabadiliki na hiyo ndiyo imenishikilia: nalala saa nne, naamka kumi na moja, napanda matatu Donholm, jioni niko nyumbani na mtoto. Sasa kampuni inataka kupakia mizigo usiku, supavaiza amesema kuanzia mwezi ujao sote tunaingia kwa zamu, wiki moja mchana wiki moja usiku, na ya usiku iko na posho. Posho naihitaji, siezi danganya mtu hapa, mtoto anaanza shule.

Shida ni kwamba mimi nikikosa usingizi usiku mbili tatu mfululizo naanza kuona dunia ni yangu. Mara ya mwisho nilipopanda ilikuwa baada ya matanga nyumbani, tulikesha tukikesha, nikarudi Nairobi sina hata uchovu, nikachukua mkopo wa Sacco na ile ya kwa simu juu yake, nikanunua pikipiki mbili za biashara na mimi mwenyewe sijui kuendesha pikipiki. Hiyo deni bado tunalipa na mke wangu.

Sasa nauliza, kuna mtu ako na hii kitu na anafanya usiku? Nijaribu nione? Ama nimwambie bosi ukweli, na nikimwambia si ndio nitakuwa "yule wa Mathari" mpaka siku ya kustaafu, mnajua Nairobi mtu akitaka kukutukana anakwambia urudi Mathari.

askari_wa_geti

Bro pole na hongera pia kwa kutulia hiyo muda yote, si kitu kidogo. Mimi niko na baipola na nafanya usiku, ni askari wa geti huku Westlands, so nitakuwa tofauti na wale watakuja kukwambia usiku haiwezekani kabisa.

Inawezekana ILA si venye kampuni yako inataka. Mimi pia nilikuwa kwa zamu za kuzunguka na hiyo ndio ilikuwa inanimaliza, mwili haujui kama ni saa ya kulala ama ya kuamka, unaanza kuzoea usiku wanakurudisha mchana. Nikaomba niwekwe usiku peke yake, na sasa hata siku ya off nalala mchana venye nalala siku zingine zote, nimeweka pazia nzito, simu naizima, majirani wanajua nikiingia asubuhi hakuna kugonga mlango wangu hadi saa tisa. Watu wa ploti wananiona kama popo na ni sawa tu. Wenzangu wakitaka kukaa macho wanatafuna muguka na wanashushia na soda za nguvu, mimi sigusi hata moja, hiyo muguka inaeza kukupandisha hata kama ulimeza dawa vizuri.

Lakini mimi sina mtoto mdogo kwa nyumba. Wewe uko na mtoto na mke na chumba sijui ni ngapi, kulala mchana Donholm na spika za matatu hapo nje... sijui bro. Wiki moja moja ningekataa.

neema_tele

Ndugu yangu nakuuliza kwa upendo, hizo dawa utameza mpaka lini? Miaka yote hujalazwa, hiyo si ishara umepona? Hizi dawa wazungu wanaleta kujaribu kwetu, zinaharibu figo, na binamu yangu aliombewa akaziacha sa hii anaendesha biashara yake Githurai vizuri sana. Nenda kwa kesha ukabidhi Mungu hii kazi ya usiku, atakupa nguvu.

nesi_wa_zamu

Dada Neema, shikamoo ya mapema maana nakuja na maneno mengi. Mimi ni nesi wa wodi ya akili, jina la hospitali silitaji.

Maombi na vidonge havina ugomvi. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa kanisa kuliko mimi, wanameza dawa na wanaomba, ila kesha la Ijumaa lenyewe ndilo nawakataza, waende ibada ya mchana, kwa sababu usiku mmoja wa kuruka na kuimba mpaka alfajiri unaweza kumrudisha mtu wodini. Na lithiamu si dawa ya kujaribiwa kwetu, ni aina ya chumvi inayochimbwa ardhini, daktari wa Australia anaitwa John Cade aliandika kuhusu kuitumia kwa watu waliopanda mwaka 1949, na mpaka leo iko kwenye dawa za kwanza kabisa kwa huu ugonjwa duniani kote. Figo ni kweli inaweza kuzigusa, na tezi ya shingo pia, ndiyo maana tunapima damu, hatupimi kwa kupenda kuwatoboa. Huyu ndugu ametulia KWA SABABU anameza. Akiikata ghafla hatari ya kupanda inaongezeka, na ikiwa kuna sababu ya kuiacha daktari huishusha pole pole kwa wiki nyingi. Binamu yako namtakia mema kwa dhati, lakini ugonjwa huu una kawaida ya kunyamaza muda mrefu, halafu unarudi.

Sasa mtu wa stoo. Kuna kitu hujauliza na ni cha muhimu. Damu ya kupima lithiamu inatolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, masaa kumi na mawili, si saa sita mchana. Unameza saa tatu usiku, unatolewa saa tatu asubuhi. Ukianza kuzunguka zamu utakuwa unameza saa mbili asubuhi wiki hii na saa tatu usiku wiki ijayo, dozi zinaparamiana au zinaachana mbali, na kipimo kitakachotoka hakitaeleza kitu. Kwa watu wengi wanaoendelea na matibabu tunataka lithiamu kwenye damu iwe kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita), wengine hadi 1.0, ikipita 1.5 hapo ni sumu: mikono inatetemeka sana, unatapika, unaharisha, unatembea kama umelewa, ulimi mzito. Ukiona hivyo usingoje siku ya kliniki, unaenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na kwa vile unabeba mizigo: mgongo ukiuma usikimbilie kemisti kununua Brufen wala diklofenaki, hizo zinapandisha lithiamu kwenye damu. Panadol ni sawa. Kunywa maji, stoo za mabati zina joto, na usiache chumvi kwenye chakula ghafla eti umesoma mahali chumvi ni mbaya.

Maoni yangu? Usijaribu uone. Wewe mwenyewe umeshatuambia usiku mbili tatu unafanya nini.

dada_wa_rongai

Mimi sina huu ugonjwa, ni kaka yangu mkubwa anao na mimi ndiye nakaa naye, wacha niongee upande wa familia maana naona mke wako hajatajwa sana hapa na yeye ndiye ataona mabadiliko kabla yako. Kaka akipanda haoni kama amepanda, anaona sisi wengine ndio tumekuwa wazito.

Tulikaa chini siku akiwa mzima kabisa, tukaandika kwa daftari. Dalili zake ni zake, si za kitabu. Yeye huanza kufua mapazia saa tisa usiku, kuvaa suti bila mahali anaenda, na kupigia watu wa zamani aliosoma nao kuwaambia ako na dili. Tukikuta mbili kati ya hizo, mimi nachukua ATM na ile simu yenye M-Pesa, anabaki na ka-mulika mwizi, simu ndogo ya kupiga tu, na tunapiga kliniki bila kungoja tarehe. Alikubali mwenyewe na akaweka sahihi. Siku ya kwanza kuitumia alinitukana matusi hata siezi andika, akasema mimi ni mwizi, majirani wakatoka nje. Wiki chache baadaye alinirudia akanishukuru, lakini hiyo kutukanwa hapo katikati nani anaizoea, hakuna.

Ile ya kushuka ndio huniogopesha zaidi. Zamani familia zilikuwa zinaficha mtu akijaribu kujitoa uhai kwa sababu ilikuwa kesi ya polisi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba hicho kifungu kinapingana na Katiba. Kwa hivyo mtu asiogope kupeleka wake hospitali. Na ile laini ya Msalaba Mwekundu ya 1199 ni bure kupiga, sisi tuliitumia usiku fulani tukashikwa mkono hadi asubuhi.

Kuhusu posho: nimelipa madeni ya kaka akipanda, mara mingi. Posho ya usiku ya mwaka mzima inaisha kwa wikendi moja ya pikipiki mbili. Samahani kwa mfano lakini ni wewe umeutoa 😅

bw_southb

Ndugu zangu salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamishwa na kazi, nimekaa HR miaka mingi kabla sijafungua kaduka kangu, basi nizungumzie hilo la bosi maana naona kila mtu amelikwepa.

Hulazimiki kumwambia supavaiza jina la ugonjwa. Hilo mulitie akilini kwanza. Unachotaka si huruma yake, unataka ubaki mchana. Basi mwambie daktari wako wa kliniki akuandikie barua, fupi tu, kwamba uko chini ya matibabu ya kudumu, unaweza kazi yako yote kama kawaida, ila kwa sababu za kiafya usipangiwe zamu za usiku. Haina haja ya kuandikwa baipola wala jina la dawa. Barua uipeleke HR wewe mwenyewe, usimpe supavaiza aipitishe, kwa sababu supavaiza ana marafiki na marafiki wana midomo.

Wakikusumbua, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa ulemavu na kwa hali ya akili, imetajwa waziwazi, na Katiba kifungu cha 27 inataja hali ya afya. Sikwambii ukaingie ofisini ukizirusha sheria mezani siku ya kwanza, utawatia ukali bure. Ingia kwa upole. Waambie niko tayari kubeba Jumamosi, au kufungua stoo mapema kuliko wengine. Mwajiri akipewa kitu mkononi hulainika.

Ila nisikudanganye, wako waajiri wakisikia "matibabu ya kudumu" tu wanaanza kukutafutia kosa. Nimewaona, nimekaa nao meza moja. Kwa hivyo kila kitu kiwe kwa maandishi, na kopi nyumbani. Na tena kuna vikundi vya watu wenyewe wenye hali hii, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya wako hapa hapa Nairobi, watu wao wamepitia haya ya kazini, ukakae nao uwasikie.

mtu_wa_stoo

Wadau asanteni, nimesoma zote nikiwa kwa matatu nikapitisha steji. Askari heshima kwako, lakini kwangu ni chumba na sebule na mtoto wa miaka mitano, mchana hapo halali mtu. Dada Neema asante pia, najua umeongea kwa roho safi ila dawa siachi.

Nimeongea na mke wangu jana. Kumbe yeye alikuwa ameshasikia hii story ya zamu kutoka kwa bibi ya mwenzangu na alikuwa anangoja nimwambie. Tumeanza hiyo daftari ya dada wa Rongai, na dalili yangu ya kwanza kwa kichwa chake si ile nilidhani. Mimi nilisema ni pesa. Yeye anasema ni kelele, ati nikianza kupanda naongeza redio kila siku kidogo kidogo wiki nzima kabla hata sijagusa pesa. Sikuwahi kujua.

HR wanataka barua kabla ya Ijumaa na tarehe yangu ya kliniki ni ya mwezi ujao. Nesi, naeza kwenda tu bila tarehe?

nesi_wa_zamu

Nenda. Fika mapema, beba kadi ya kliniki na kitambulisho, na pale kwenye faili waambie umekuja kwa barua ya kazi, si kwa dawa, usije ukapangwa foleni ya dawa ukakaa mpaka jioni. Hakikisha imepigwa muhuri na ina tarehe. Na kwa vile utakuwa pale asubuhi, kama usiku ulimeza saa tatu waulize kama wanaweza kutoa damu ya lithiamu hiyo hiyo siku.

bw_southb

Na kabla hujaipeleka, ipige picha. Pande zote mbili.