Programu za kuunda wahusika: zinamsaidia mchezaji mgeni au zinamnyima kitu?

Kalamu_na_Kete ameuliza:

Wakuu, salamu. Naomba ushauri kwa waliokwisha kuongoza meza.

Nimekubali kuongoza kundi la watu watano, Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kanuni zilizorekebishwa za 2024. Wawili wana uzoefu. Watatu hawajawahi hata kushika kete ya pande ishirini. Wale wawili wananisihi kila mtu atengeneze mhusika wake kwenye D&D Beyond, programu yake rasmi ya mtandaoni, kabla hatujakutana, ili siku ya kwanza tuingie moja kwa moja mchezoni. Mimi nilijifunza kwa karatasi na penseli, kwa hiyo nikaona nijaribu kwanza kabla sijakubali.

Mhusika wa ngazi ya kwanza alikamilika haraka mno, na hesabu zote zilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba nilipomaliza sikumjua. Nilikuwa nimebonyeza "endelea", "endelea", mpaka karatasi ikajaa. Sasa sijui kama hilo ni tatizo la programu au ni mazoea yangu tu.

Programu hizi zinamfaa nini hasa mchezaji mgeni, na zinamharibia wapi? Na nikizikubali, ziingie hatua gani? Naomba msinijibu "inategemea". Nataka uzoefu wa mtu aliyeyaona mezani.

Ngazi_ya_Ishirini amejibu:

Mkuu, tumia programu, usijitese. Kwa D&D ya sasa unaweza kusalimika na penseli kwa sababu kanuni zimepunguzwa. Mimi nimetoka Pathfinder toleo la kwanza, mchezo wa jamii hiyo hiyo, ambako nyongeza mbili za aina moja kwa kawaida hazijumlishwi, unachukua iliyo kubwa tu, lakini za aina tofauti zinajumlishwa. Ukifika ngazi ya kumi na mbili ukapigwa na uchawi wa kukupunguzia Nguvu, unakokotoa upya nusu ya karatasi huku wenzako wanakusubiri. Programu ya Hero Lab ilituokoa. PCGen nayo ni ya bure na ya chanzo huria, sura yake ni ya kizamani lakini inafanya kazi. Ukihamia Pathfinder ya pili, Pathbuilder inatosha kabisa, na kanuni zenyewe zipo bure mtandaoni.

Wageni wako hawatakushukuru kwa kuwafundisha kujumlisha. Wamekuja kucheza.

Karatasi_Kwanza amejibu:

Ndugu Kalamu, nimeongoza meza tangu toleo la tatu, na programu nyingi za aina hii zimepita mikononi mwangu. Nazipenda. Ngazi hapo juu amesema kweli kuhusu hesabu, na nitaanza na hilo kwa sababu watu wa karatasi huwa tunalipita haraka.

Chukua ule mtindo wa kununua uwezo kwa pointi 27. Kila uwezo (Nguvu, Wepesi, Mvuto na mingine mitatu) unaanza na 8, na mwisho wa kununua ni 15. Bei haipandi sawasawa: 13 ni pointi 5, 14 ni pointi 7, 15 ni pointi 9. Mgeni akifanya mwenyewe, anapandisha Nguvu, anagundua amezidisha, anashusha Mvuto, anapotea. Programu inamwonyesha salio likipungua kila anapogusa, naye anajaribu bila woga. Kisha chimbuko la mhusika, yaani maisha yake ya awali, linamwongezea moja, 15 inakuwa 16, nyongeza ya kwenye kete inatoka +2 kwenda +3, na badiliko hilo linagusa shambulio, madhara ya upanga, kete ya kujiokoa na hatari, na riadha. Kwenye karatasi unafuta sehemu nne. Ile moja uliyoisahau itajitokeza katikati ya vita.

Nilikuwa na mchezaji ambaye tarakimu zilizopangwa kwa safu zilimchanganya macho tangu utotoni. Alikuwa msimulizi mzuri kuliko wote mezani, ila kila kete ilimtoa jasho. Tulipompa karatasi ya kwenye simu, maandishi makubwa, akibofya shambulio anapata jumla, alianza kucheza kwa mara ya kwanza. Kwa mtu kama huyo sitakubali kabisa kusikia hoja ya "penseli ndiyo asili".

Sasa madhara. Kwangu kubwa ni moja: programu inampa mchezaji namba bila kumwambia namba imetoka wapi.

Kuna kijana alikuja mezani kwangu na mpiganaji aliyeundwa kwa simu. Upanga wake uliandikwa +5, na alicheza vizuri. Tukafika mtoni, mashua ikapinduka, upanga ukazama. Ng'ambo kulikuwa na maiti ya mlinzi na upinde wake. Akauokota, akalenga, akaniuliza, "Naongeza ngapi?" Akatazama simu. Upinde haumo kwenye orodha, kwa hiyo kwake jibu halikuwepo. Jibu lenyewe ni rahisi: ule +5 ulikuwa +3 ya Nguvu na +2 ya ustadi. Upinde unatumia Wepesi, wake ulikuwa +1, ongeza ustadi ule ule, ni +3. Alikuwa mwerevu kabisa, ila hakuna aliyewahi kumfungulia ile +5 akaona ndani. Mchezo ukasimama, na yeye akaona aibu ambayo hakuistahili.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: nikigusa namba, inanionyesha imejengwa na nini? Zipo zinazofanya hivyo, zinakufungulia kidirisha chenye kila kipande na jina lake. Hizo ni mwalimu. Ile isiyofanya hivyo ni karani tu, hata ikipendeza vipi.

La pili ni menyu. Nisiwaonee watengenezaji: kitabu chenyewe cha 2024 nacho kinaanza na fani (kama mpiganaji au mchawi), kisha chimbuko, kisha uwezo. Lakini kwenye kitabu unafungua ukurasa, unasoma aya, unakutana na picha, unabadili mawazo. Menyu inakupa orodha ya majina na kitufe. Tena inakuonyesha kile tu ulichonacho. Kwenye kanuni za bure za 2024 kuna machimbuko manne tu: mhudumu wa hekalu, mhalifu, msomi na askari. Kitabu kamili kina 16. Mgeni mwenye akaunti ya bure anaamini dunia yako ina watu wa aina nne, na hatakuuliza kama anaweza kuwa baharia au mkulima, kwa sababu hajui kuwa swali hilo lipo.

Nitoke kidogo kwenye D&D, maana mfano mzuri kuliko wote uko kwingine. Traveller ya 1977, mchezo wa safari za anga, ilikuwa na njia ya kuunda mhusika ambayo mpaka leo sijaona inayoizidi. Unaanza na kijana wa miaka 18. Unajaribu kuingia jeshi la anga za mbali, au maskauti, au wafanyabiashara. Kila muhula ni miaka minne, na kila muhula unatupa kete kuona kama umenusurika. Ukishindwa, mhusika wako amekufa, na mchezo hata haujaanza. Maskauti walikuwa wanakufa sana. Ukinusurika unapata ujuzi, labda cheo, kisha unaamua: nitoke sasa nikiwa na kidogo, au niongeze muhula mwingine nipate zaidi?

Niliwahi kuifanya hivyo na kundi zima, kila mtu anatupa wengine wakitazama. Mmoja wetu alikuwa na skauti mwenye ujuzi mzuri tu, kila mtu anamwambia toka, toka, inatosha. Akasema muhula mmoja zaidi. Kete zikaanguka vibaya. Meza nzima ilipiga kelele. Alipounda wa pili, tulikubaliana kwamba huyu ni mdogo wake yule aliyepotea, na kampeni nzima ikawa ya kutafuta meli ya kaka yake. Hakuna aliyepanga hilo.

Zipo programu za kukuundia mhusika wa Traveller kwa mbofyo mmoja. Unapata mstaafu wa miaka 42, ujuzi wake, vyeo vyake, pensheni yake. Kila tarakimu ni halali. Kwa kiongozi anayehitaji wahusika wa pembeni thelathini kwa haraka ni msaada mkubwa, nami ninazitumia kwa kazi hiyo. Kwa mchezaji ni hasara, kwa sababu ule uamuzi wa "nitoke au nibaki" ndio uliokuwa mchezo wenyewe.

La mwisho, kanuni za nyumbani, yaani zile meza inazojitungia. Kwenye meza yangu kila mhusika anapewa kipaji kidogo cha ukoo wake. Programu moja niliyokuwa nikitumia haikuwa na pa kukiandika. Mchezaji mmoja akabuni njia: akatengeneza pete ya uongo kwenye orodha ya vifaa, inampa +1 kwenye kete za kujiokoa. Hesabu ikakaa sawa. Baadaye sana mhusika wake akatekwa, akanyang'anywa kila kitu. Mchezaji, kwa uaminifu, akaondoa alama kwenye vifaa vyote, na pete ikaondoka navyo. Alikaa gerezani akitupa kete pungufu ya moja, na hakuna aliyegundua mpaka alipotoroka. Kipaji cha ukoo hakinyang'anywi na walinzi, lakini programu haikuwa na jinsi ya kulijua hilo.

Kwa hiyo kwa kundi lako: wale watatu wageni wakae nawe mezani siku ya kwanza, karatasi tupu, na zile namba sita zilizopangwa tayari: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Usiwape kununua kwa pointi. Waulize mhusika wao anaogopa nini na anamdai nani, ndipo wapange namba. Waandike shambulio lao kwa vipande, si kwa jumla. Wakishamaliza, waingize yote kwenye programu. Kuanzia kupanda ngazi ya pili, iachie programu ifanye kazi yake.

Nakala_Mbili amejibu:

Dada Karatasi amemaliza karibu yote, ila kuna jambo hakuligusa: uhai wa mhusika wako nje ya programu.

Toleo la nne la D&D lilikuwa na programu rasmi ya kuunda wahusika, nzuri kweli, ilikaa kwenye kompyuta yako. Mwishoni mwa 2010 ikahamishiwa mtandaoni, ikategemea Silverlight, programu-jalizi ya kivinjari, na usajili wa kulipia. Teknolojia ile ikazeeka, na ilipofika Januari 2020 zana hizo zikafungwa. Toleo hilo lilikuwa gumu kuendesha bila programu kwa wingi wa vipengele vyake, kwa hiyo waliokuwa bado wanalicheza waliumia. Na Agosti 2024 D&D Beyond ilitangaza kwamba uchawi na vifaa vya zamani kwenye karatasi za wachezaji vingebadilishwa kuwa vya kanuni mpya. Wachezaji wakapinga kwa nguvu na uamuzi ukabadilishwa ndani ya siku chache. Nafurahi walisikilizwa. Lakini fikiria uko katikati ya kampeni, unaamka asubuhi, uchawi wako una maelezo mengine.

Ndiyo maana napenda zile ambazo faili linakaa kwako: GCS kwa wachezaji wa GURPS, Chummer kwa Shadowrun. Zote ni za chanzo huria. Kwa nyingine yoyote, kila baada ya kupanda ngazi toa PDF, ihifadhi.

Ngazi_ya_Ishirini amejibu:

Dada Karatasi, hilo la upinde nimelikubali. Hata huku kwetu wapo wa ngazi ya kumi wasioweza kukuambia shambulio lao limetoka wapi. Ila kwa Pathfinder ya kwanza bado nasimama pale pale: kuunda kwa mkono mhusika anayeanzia ngazi ya juu ni adhabu.

Karatasi_Kwanza amejibu:

Hapo hatubishani. Akianzia ngazi ya juu, tumia programu tangu mwanzo, kisha mkae mfungue namba tatu anazozitumia kila zamu. Tatu zinatosha.

Kalamu_na_Kete amejibu:

Asanteni sana wote. Nimewaambia wale wawili wenye uzoefu waunde kwa simu kama wanavyotaka, na watatu wageni tutakaa nao kwa karatasi. Dada Karatasi, swali moja la mwisho: mmoja wa wageni yuko mbali, atacheza kwa simu ya video tu. Naye nimfanyie vivyo hivyo?

Karatasi_Kwanza amejibu:

Vivyo hivyo, ila yeye ndiye aongee na wewe ndiye uandike. Elekeza kamera kwenye karatasi ili aione ikijaa. Ukifika kwenye shambulio, mwache akokotoe yeye, kwa sauti. Kisha piga picha ya karatasi, mtumie, aingize mwenyewe kwenye programu akiwa peke yake. Jumla ya programu ikitofautiana na ya karatasi, atakupigia simu kukuuliza kwa nini, na hiyo simu ipokee hata kama umechoka.